Naomba ushauri: mgonjwa aliyepoteza fahamu anasikia maumivu?

Habari zenu wakuu. Mama yangu alipata kiharusi, leo siku ya sita yuko ICU hajazinduka. Kwenye kipimo cha Glasgow cha kupima fahamu, kile cha 3 hadi 15 (15 ni fahamu kamili), ana 7. Manesi wakimgeuza anakunja uso, anavuta mkono, na mapigo ya moyo yanapanda kwenye mashine. Daktari wa zamu nilipomuuliza alisema ni mwitikio wa mwili tu. Lakini uso ule naujua jamani, ndio wake wa kuumwa. Nikimshika mkono na kumsemesha anatulia kidogo.

Wataalamu wa afya, na mliowahi kuzinduka: katika hali hii mtu anaweza kuhisi maumivu? Na nikiomba apewe dawa ya maumivu kabla ya kugeuzwa, itavuruga upimaji wa fahamu zake?