Kumtofautisha King Oliver na Armstrong kwenye santuri za 1923, na ile sauti ya "wa-wa"

PumziNdefu:
Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wapuliza tarumbeta na wapenzi wa santuri za zamani. Kwenye rekodi za Creole Jazz Band za 1923 kuna koneti mbili (koneti ni kama tarumbeta fupi), ya King Oliver mwenyewe na ya Louis Armstrong, kijana aliyekuwa chini yake. Mnawatofautishaje kwa sikio? Halafu solo ya Oliver kwenye "Dipper Mouth Blues" inalia kama mtoto, wa-wa. Kipira cha kuzibulia sinki, kile wanachozibia mdomo wa tarumbeta, ninacho, ila nikiziba tu noti inakufa au inatoka nje ya tuni. Na nikijaribu kuunguruma kama Bubber Miley, mpiga tarumbeta wa Duke Ellington, hewa inakatika. Nakosea wapi?

(Nazungumzia jazz ya New Orleans na Chicago. Morogoro Jazz na Western Jazz nazipenda pia, lakini hizo ni dansi, "jazz" ni jina tu.)

MzeeWaSanturi:
Kwanza ujue unasikiliza nini. Santuri za Aprili 1923 zilirekodiwa na kampuni ya Gennett, mjini Richmond, Indiana, na maikrofoni ilikuwa bado. Bendi nzima ilipiga kuelekea pembe kubwa, na mtikisiko wa sauti ndio uliosukuma sindano ichore kwenye nta. Besi dramu haikutakiwa kwa sababu mshindo wake huirusha sindano, ndiyo maana Baby Dodds, mpiga ngoma wao, unamsikia akigonga vipande vya mbao. Usije ukadhani hiyo ndiyo staili yake ya ukumbini.

Lil Hardin, mpiga piano wao, alisimulia kwamba Armstrong alisimamishwa nyuma kabisa, mbali na pembe, maana alikuwa akimmeza Oliver. Kwa hiyo ukisema "mwenye sauti kubwa ndiye Armstrong" utaumbuka.

Tafuta sehemu ambazo kila mmoja yuko peke yake. Kwenye "Chimes Blues", 5 Aprili, Armstrong ana mizunguko miwili ya vipimo 12. Kesho yake, kwenye "Dipper Mouth Blues", klarineti ya Johnny Dodds inatangulia, bendi inaingia mzunguko mmoja, kisha Oliver anachukua mitatu. Hiyo mitatu ishike mpaka uweze kuiimba bafuni. Utagundua noti ni chache mno: anazunguka ile noti ya tatu ya skeli iliyoshushwa, anaivuta, anaiacha, anairudia. Vifungu vyake ni vifupi na vinakaa juu ya pigo. Armstrong yeye huchelewa kidogo nyuma ya pigo, na noti zake ndefu huanza zimenyooka, mtetemo ukaja mwishoni na kupanuka. Mimi husikiliza mkia wa noti kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishawazoea hao wawili, nenda "Snake Rag" uwasikie wakipiga mikato pamoja, bendi imenyamaza. Hapo ndipo mtihani ulipo.

FundiVali:
Nijibu la kipira. Sababu ya noti kufa ni moja: unaziba kabisa. "Kufunga" kwa wapuliza hakumaanishi kuziba kama kifuniko cha sufuria. Acha mwanya wa upana wa kidole upande mmoja. Wengine hutoboa tundu dogo katikati ya kipira ili hewa ipate pa kutokea hata wakikibana.

Hakikisha pia una saizi sahihi. Mdomo mpana wa tarumbeta una kipenyo cha sentimita 12 hivi, kwa hiyo kinachofaa ni kile kidogo cha sinki, mpini umetolewa. Kile kikubwa cha chooni ni cha tromboni.

Mkono wa kulia unabeba tarumbeta na kubonyeza vali, wa kushoto unashika kipira. Ukingo mmoja ubaki umegusa mdomo wa tarumbeta muda wote, ufungue na kufunga kwa kifundo cha mkono, kama mlango kwenye bawaba. Ukipeleka mkono mzima mbele na nyuma utachelewa na tarumbeta itayumba midomoni. Anza na G ya katikati, metronomu 60: mapigo mawili umefunga, mawili umefungua. Tuni ikihama kila unapofunga, irudishe kwa midomo, na utazame kama mwanya haujawa mdogo mno.

Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi: nusu ya "wa" iko mdomoni. Ulimi uanze kwenye umbo la "u" wakati umefunga, ushuke kwenye "a" wakati unafungua. Mkono ukienda peke yake unapata sauti ya mlango unaofunguliwa tu, wala hakuna mtoto anayelia.

KooKavu:
Kuhusu kuunguruma. Hewa inakatika kwa sababu unabana koo. Mngurumo wa Miley hautoki kwa kubana. Unatoka kwa kuimba ndani ya koo huku ukipuliza. Weka tarumbeta chini, puliza hewa huku unaimba "uuu" kwa sauti nzito. Ikitulia, fanya hivyo hivyo na kipande cha mdomoni peke yake, kisha ndipo urudishe tarumbeta.

Noti unayoimba isilingane na unayopuliza. Zikilingana hakuna ukwaruzo. Ule ukwaruzo ni sauti mbili zinazogombana ndani ya bomba moja, na inabidi uongeze hewa kuliko kawaida maana koo linakula sehemu yake. Dakika tano kwa siku zinatosha mwanzoni. Koo likiuma, umerudi kubana.

Sisi tunaotamka "r" ya kuzungusha ulimi tunapata haraka mtetemo wa ulimi, "rrrr", na wengi wanaishia hapo wakidhani wamefika. Ule ni mwepesi na mkavu. Wa kooni ni mnene. Sikiliza "East St. Louis Toodle-Oo" ya bendi ya Duke Ellington, Novemba 1926, ulinganishe na unachopiga.

Miley aliunganisha vitu vitatu kwa pamoja: koo linaunguruma, myuti (kizibo cha kupunguza sauti) ndogo ya koni imesukumwa ndani ya tarumbeta, na juu yake kipira. Ile myuti hupandisha tuni, kwa hiyo vuta bomba la tuni nje milimita chache kabla hujaanza. Alipoondoka kwa Ellington 1929, Cootie Williams aliyechukua nafasi yake ilimbidi ajifunze yote hayo.

TuniSawa:
Naongezea kwa Mzee. Usijifunze noti kutoka nakala yoyote uliyookota mtandaoni bila kuipima. Mashine za wakati ule hazikuzunguka zote mara 78 kamili kwa dakika, na waliohamisha santuri kwenda dijitali kila mmoja alikisia kivyake. Piga noti ya mwisho ya wimbo kwenye piano. Ikiangukia katikati ya funguo mbili, kasi si sahihi. Nusu toni moja ni karibu asilimia 6, yaani mizunguko 4.6 hivi kwa dakika. Na kasi ikipanda, mtetemo nao unakuwa wa haraka, kwa hiyo hata "mkia wa noti" anaousema Mzee unaweza kukudanganya.

PumziNdefu:
Shukrani wakuu. Kumbe kipira nilikuwa nabana kama kifuniko kweli. Je, Armstrong wa baadaye na mpiga koneti Bix Beiderbecke? Kuna wanaowachanganya.

MzeeWaSanturi:
Hao wakichanganywa, aliyewachanganya hajasikiliza. Chukua "Singin' the Blues" ya Februari 1927: baada ya saksafoni ya Frankie Trumbauer, Bix ana vipimo 32. Kila noti inagongwa safi, kama kengele, mtetemo ni mdogo sana, na anabaki sauti ya katikati bila kukimbilia juu. Bix alijifunza mwenyewe, na vidole vyake havikufuata kitabu. Noti inayotoka kwa vali 1 na 2 inatoka pia kwa vali 3 peke yake, lakini rangi na tuni vinabadilika kidogo. Ukijaribu kumwiga na vidole vya kawaida, utapata noti zilezile ila hutapata rangi ile.

Kisha weka "West End Blues" ya Armstrong, 28 Juni 1928. Anaingia peke yake, bila bendi, na noti nne za mwanzo tu tayari zina mwendo. Kwenye mzunguko wa mwisho anashika B bemoli ya juu karibu vipimo vinne. Kwenye tarumbeta yako, inayoandikiwa toni moja juu, hiyo unaisoma C, ile juu ya mistari.

FundiVali:
Na hiyo C usiijaribu ukiwa na kipira mkononi. Mkono mmoja ukiwa na mzigo wote, utaikandamiza tarumbeta kwenye midomo ili noti itoke, na asubuhi midomo itakuwa imevimba.