Nitumie neno gani badala ya "alitaka sana"?

Swali
Ndugu zangu, ninaandika hadithi fupi ya mama anayemngoja mwanawe aliyekaa ughaibuni miaka mingi, na kila ninapotaka kuonyesha yaliyomo moyoni mwake, najikuta nimeandika "alitaka sana kumwona." Kamusi inanipa hamu, shauku, tamaa, kiu na uchu kana kwamba yote ni mamoja, ilhali sikio langu linakataa. Nimpe lipi?

Jibu la kwanza
Uchu uondoe kabisa, kwani una ukali ndani yake: unamfaa mshambuliaji mwenye uchu wa mabao au mwanasiasa mwenye uchu wa madaraka, si mama. Tamaa inahitaji uangalifu zaidi. Kitenzi chake ni safi, na "natamani kukuona" haimkwazi mtu, lakini ukisema fulani ana tamaa umekwisha kumtukana; na ajabu ni kwamba katika "kukata tamaa" neno lilo hilo linarudi kuwa tumaini tupu. Kiu iachie elimu na haki.

Jibu la pili
Naafiki, na nadhani shindano limebaki kati ya hamu na shauku. Hamu huzaliwa na kukosa: mgonjwa hana hamu ya kula, na anayekukumbuka atakuambia "nina hamu nawe." Shauku hutazama mbele na huja na msisimko, kwa hiyo mama huyu atakuwa na hamu miaka yote, kisha shauku itampanda siku atakapopata habari kwamba mwanawe yuko njiani. "Hamu na ghamu" ni tamu, ila watangazaji wameichosha.

Jibu la tatu
Mimi ningeanza na muundo wa sentensi kabla ya nomino. "Alikuwa na hamu" ni taarifa tu. "Hamu ilimshika" inamfanya mama atendwe na hisia yake, asiweze kuikwepa. Na pale anapotamani lisilowezekana tena, Kiswahili kina laiti: "Laiti angalimzuia asiondoke!" Hapo huhitaji kutaja hamu wala shauku.

Muulizaji
Ahsanteni, "hamu ilimshika" nimeichukua. Je, "alimngoja kwa udi na uvumba" itafaa?

Jibu la tatu
Haifai. Udi na uvumba ni jitihada ya kutafuta jambo kwa kila njia, naye mama huyu amekaa anangoja.