Kuandaa nyumba kwa tathmini ya ujuzi wa umeme

Fundi Kibaha: Ndugu mafundi, kazi hii niliijifunza kwa vitendo, na sasa nimeomba VETA initathmini ili ujuzi wangu utambuliwe rasmi. Kazi nitakayoonyesha ni nyumba ya vyumba vitatu, ambayo bado haijaunganishwa na TANESCO. Nianzie wapi?

Mzee wa Mega: Anzia kwenye vipimo vya nyaya zisizo na umeme. Hakikisha waya wa ardhi umefika kila soketi bila kukatika, kisha pima insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye nyaya, kwa mega (kifaa cha kupimia insulesheni) ya volti 500 ukiwa umetoa taa na vifaa vyote, kwa sababu taa moja ya LED iliyosahauliwa hupotosha majibu na yenyewe inaweza kuharibika. Kiwango cha chini ni megaohmu 1, lakini nyumba mpya ikisoma 2 mimi nisingeipokea, kwani nyaya mpya kwa kawaida husoma mamia.

Fundi Kibaha: Ahsante, mzee wangu. Na RCD, ile swichi inayokata umeme unapovuja, nitaipimaje?

Mama Saketi: Umeme ukishawashwa, tumia kifaa maalumu cha kuipima. Kitufe cha RCD yenyewe huonyesha tu kwamba inakata umeme, ilhali mtathmini atataka muda: kwa RCD ya miliampia 30, isizidi milisekunde 300 kukata umeme mkondo unaovuja unapofikia kiwango hicho. Matokeo yaandike saketi kwa saketi, na kwenye bodi ya kugawia umeme uweke majina ya saketi yanayolingana na karatasi yako, maana wengi huulizwa hapo.