Kisu cha mfukoni: makali yaliyonyooka, ya meno au nusu nusu?

utingo_wa_fuso: Wakuu naombeni ushauri. Mimi ni utingo, tunapakia mzigo Kariakoo kupeleka mikoani, kisu changu cha kukunja kimekatika ncha, nimeenda kununua kingine nakuta vya aina tatu, makali yaliyonyooka, yenye meno kama msumeno na kingine nusu hivi nusu vile. Muuzaji anasema nusu nusu ndo mpango mzima. Kazi zangu kamba za manila, maboksi, na njaa ikibana chungwa. Nichukue kipi?

fundi_viatu: Yaliyonyooka mkuu. Unanoa popote, ukikosa jiwe geuza kikombe cha udongo, noa kwenye kile kiduara cha chini kisicho na rangi. Ya meno jiwe bapa haliingii mabondeni, unahitaji kijiti chembamba cha mviringo unapita bonde moja moja, na ni upande mmoja tu ule uliochongwa.

mvuvi_msasani: Napinga. Kamba ya manila ikilowa makali laini yanateleza tu, meno yanang'ata. Na hata yakianza kufa bado yanakata maana kule mabondeni hakugusi ubao. Ila samaki usimguse nacho, nyama inatoka kama imetafunwa na paka.

mama_genge: Chungwa humenyi kwa msumeno mwanangu 😂

utingo_wa_fuso: Sasa nusu nusu si ndo inamaliza ubishi?

fundi_viatu: Pima kwanza. Bapa la sm 8, meno yakila 3 umebakiwa na 5, tena meno yenyewe yanakaa karibu na mpini, pale pale mkono unapokuwa na nguvu ya kuchonga, kwa hiyo kazi za makali laini zote unafanyia mbele huko nchani. Huyo anauza tu.

mvuvi_msasani: Hapo nakubali. Basi chukua yaliyonyooka ila ukinoa usimalizie upande laini wa jiwe, ishia ule wa kukwaruza. Makali yanabaki na vijimeno ambavyo huvioni kwa macho, kamba inakatika vizuri. Yaking'aa sana ni ya kunyolea ndevu hayo.

fundi_viatu: Na hiyo ncha ilikatikaje?

utingo_wa_fuso: Nilikuwa nafungulia kopo la rangi...

fundi_viatu: Kisu sio tindo kaka.

utingo_wa_fuso: Nimerudi. Nimekinoa hiki hiki kibovu upande wa kukwaruza, manila imekatika kwa kuvuta mara mbili. Hela ya kisu naona inaenda kwenye chipsi