Croesus hakuanzisha sarafu! Acheni kuwanyima watoto wetu alama kwa majibu ya kunakili

Wakuu, jambo hili nimekaa nalo siku tatu nikitegemea hasira itashuka. Haijashuka, imepanda, ndiyo maana nafungua uzi.

Jumamosi binti yangu wa kidato cha pili aliiwakilisha shule yake kwenye chemsha bongo ya historia. Shule sitaitaja, waandaaji sitawataja, wenyewe wakipita hapa watajijua. Swali la mwisho likawa: nani alitengeneza sarafu za kwanza duniani, na mwaka gani? Mtoto akasimama. Akasema mwaka kamili haujulikani na wataalamu bado wanabishana. Kwamba za zamani sana zilizochimbuliwa zimetoka Lydia, magharibi mwa Uturuki ya leo, karne ya 7 KK. Na kwamba Uchina kuna ushahidi wa umri unaokaribiana na huo. Msimamizi akainamia kikaratasi chake. "Kosa. Jibu ni Mfalme Croesus, mwaka 640 KK." Binti akanyoosha mkono ili aeleze. Akaambiwa, "Kaa chini binti, hapa tunataka jibu, hatutaki hadithi." Wameshindwa kwa alama mbili. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitazama dirishani, hakusema neno.

Mimi ni sonara. Mtoto huyu amekulia pembeni ya meza yangu ya kazi, akinitazama nikisugua dhahabu kwenye jiwe jeusi na kudondoshea asidi ili nijue karati. Siku moja aliniuliza jiwe hili limeanzia wapi. Nikamwambia Wagiriki wa kale waliliita jiwe la Lydia, na kutoka hapo tukaanza kusoma pamoja, jioni baada ya jioni. Kwa hiyo nikisema jibu la kikaratasi ni la uongo, sisemi kwa uchungu wa mzazi tu.

Hebu tupige hesabu. Croesus, mfalme wa Lydia, alianza kutawala karibu na 560 KK, na karibu na 546 KK Koreshi wa Uajemi akamwangusha. Mwaka 640 KK Croesus hajazaliwa. Hata baba yake, Alyattes, alikuwa hajakalia kiti. Sasa mtu ambaye hayupo duniani amegongaje sarafu? Waandaaji wamechukua jina huku, mwaka kule, wakabandika pamoja, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama vinaoana.

Kuna kubwa kuliko hilo. Mwaka 1904 na 1905, Mwingereza David Hogarth alichimba kwenye hekalu la Artemis, mungu wa kike wa Wagiriki, kule Ephesus, mji wa pwani jirani na Lydia, kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza. Alipata sarafu zaidi ya 90 za elektramu, yaani dhahabu iliyochanganyika na fedha, na 19 kati ya hizo zilikuwa zimewekwa pamoja ndani ya kijungu kidogo cha udongo. Zilikuwa chini, kwenye mabaki ya majengo ya zamani kuliko hekalu kubwa la marumaru. Na hilo hekalu la marumaru, nguzo zake nyingi alizitoa nani? Croesus! Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, ameandika hivyo, na vipande vya nguzo vyenye mabaki ya jina lake viko London mpaka leo. Yaani mtu anasimamisha nguzo juu ya ardhi ambayo tayari imefukia sarafu, halafu mnatuambia sarafu kaanzisha yeye.

Alichofanya Croesus ni kikubwa na nakiheshimu kama fundi: sarafu za dhahabu peke yake, na za fedha peke yake. Pale Sardis, mji wake mkuu, mwaka 1968 wachimbaji wa Kimarekani walifukua karakana kando ya Mto Pactolus ambako dhahabu ilitenganishwa na fedha. Walipanga mabati membamba ya madini hayo kwenye vyungu pamoja na chumvi, wakayapika kwa moto wa taratibu muda mrefu, chumvi ikaivuta fedha na dhahabu ikabaki. Ukiwahi kusafisha dhahabu kwa mikono yako utaelewa kwa nini mtoto wangu alisikiliza habari hiyo mdomo wazi. Lakini kutenganisha ni hatua ya pili. Ya kwanza ilikuwa ile elektramu.

Na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipo, ugomvi ambao watoto wananyimwa. Sarafu zile za mwanzo hazikuwa duara wala hazikuwa na uso wa mfalme kama kwenye michoro mnayosambaza. Zilikuwa vidonge vinene kama mbegu, upande mmoja kichwa cha simba mwenye kitu kama nundu inayong'aa kwenye paji la uso, upande wa pili shimo la patasi iliyogongwa kwa nyundo. Nzima ilikuwa gramu 14 na kidogo. Iliyotumika sana ni theluthi yake, gramu 4.7. Waliendelea kuigawa mpaka sehemu ya 96, ambayo ni kama gramu 0.15, uzito wa punje chache za mchele! Kwa nini wagonge simba kwenye kitu kidogo hivyo? Sonara yeyote ana la kusema: vipande viwili vya elektramu vinaweza kulingana uzito na visilingane thamani, kwa sababu hujui ndani mna fedha kiasi gani. Muhuri unakwambia pokea, mwenye muhuri anadhamini. Ila vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa sarafu za simba zina dhahabu karibu asilimia 55 tu, chini ya ile inayotoka mtoni. Fedha iliongezwa makusudi. Je, walitaka kusawazisha mchanganyiko, au mfalme alikuwa anajipatia faida? Wataalamu wanavutana. Swali zuri namna hiyo, mtoto anaambiwa ni hadithi.

Mwaka nao ni vita. Wapo wanaozipeleka sarafu za Artemis nyuma mpaka katikati ya karne ya 7 KK, wapo walioziteremsha miongo kadhaa. Baadhi zina maandishi ya Kilydia yanayosomeka Walwet. Wengi wanadhani ni Alyattes, wengine hawakubali. Kuna moja ya paa anayekula majani, imeandikwa kwa Kigiriki "mimi ni alama ya Phanes". Phanes ni nani? Mfalme, tajiri, kuhani? Haijathibitika.

Msidhani ubishi huu ni wa juzi. Pollux, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2 BK, anaorodhesha waliodaiwa kuanzisha sarafu: Pheidon wa Argos; Demodike wa Kyme, mke wa Midas mfalme wa Frigia; Waathene; watu wa Naxos; na Walydia, akisema hilo ni neno la mshairi Xenophanes. Na Herodotus mnayemnukuu kila siku aliandika kwamba Walydia ni wa kwanza "kati ya watu tunaowajua". Aliweka tahadhari! Binti yangu alijibu kwa uangalifu wa Herodotus, akakaliswa chini.

Uchina je? Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa ya karakana ya Guanzhuang, mkoa wa Henan, ambako shaba nyeusi ilimiminwa kwenye kalibu za udongo kutengeneza sarafu zenye umbo la beleshi. Kipimo cha kaboni kinaiweka kazi hiyo kati ya 640 na 550 KK, na watafiti wanasema ndiyo karakana ya sarafu ya zamani kuliko zote yenye tarehe iliyothibitishwa. Wachina walimimina, Walydia waligonga. Ukisema sarafu lazima iwe madini ya thamani yaliyogongwa muhuri, unaelekea Lydia. Ukisema ni kipande cha madini cha kipimo maalumu kilichotengenezwa kwa wingi ili kiwe pesa, Guanzhuang inaingia kifua mbele. India nao wana vipande vyao vya fedha vyenye mihuri mingi, na tarehe zake zinabishaniwa vilevile.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu: mdau mmoja ameniandikia "mkuu, mtoto afundishwe kujibu wanachotaka wasahihishaji". Hapana, ndugu yangu, hilo sitamfundisha. Hata sarafu za kwetu zilibishaniwa hivihivi. Sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa, ambaye jina lake liko kwenye sarafu zetu za pwani, alihamishwa kutoka karne moja hadi nyingine. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Kifatimi (watawala wa Misri wa enzi hizo) zenye tarehe, ndipo watu wakaweza kumweka karne ya 11. Wangeridhika na jibu la kikaratasi, tungekuwa bado gizani.

Mwingine ameuliza nataka nini, alama? Mashindano yameisha, kombe limeshachukuliwa, na watoto walioshinda sina ugomvi nao. Barua nimeiandika kurasa mbili, Jumatatu naipeleka kwa mkono wangu, binti ameomba twende wote. Naomba swali hilo lifutwe au jibu lake lirekebishwe, kwa sababu mzazi mwenzangu ameniambia liliulizwa mwaka jana pia, na mtoto aliyejibu "Croesus, 640 KK" alipigiwa makofi.