Kuruka kwa mguu mmoja na 505: kulia na kushoto vinabadilishana kila wiki

kocha_wa_pete:
Wakuu, napima wachezaji 12 wa netiboli: kuruka mara moja kwa mguu mmoja, na 505 (kukimbia hadi mstari, kugeuka kwa mguu mmoja na kurudi) kwa stopwochi. Mchezaji yuleyule, hana jeraha, wiki hii mguu wa kulia unaongoza kwa 7%, wiki inayofuata wa kushoto kwa 4%. Nipange mazoezi kwa namba ipi?

fizio_goti:
Kwa sasa, hata moja. Jua kwanza kipimo chenyewe kinayumba kiasi gani. Kila mguu uruke mara tatu, tafuta mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), gawa kwa wastani, zidisha kwa 100. Kulia sm 148, 150, 152: wastani 150, kuyumba 1.3%. Kushoto 138, 142, 146: wastani 142, kuyumba 2.8%. Tofauti ya miguu ni 8 ÷ 150, yaani 5.3%. Imezidi kuyumba kwa miguu yote miwili, ifuatilie. Ingekuwa 2%, achana nayo.

Kinachovuruga zaidi ni kutua. Mikono kiunoni, atue na kutulia sekunde 2. Akidunda au akigusa chini kwa mguu wa pili, jaribio limekufa, arudie. Pima hadi kisigino. Namba za siku ya kwanza zitupe: umbali huongezeka kwa kuzoea tu, na mguu uliochelewa kuzoea utaonekana dhaifu bure. Halafu rudia siku nyingine, viatu vilevile, sakafu ileile.

mbio_fupi:
Kwenye 505 tatizo ni stopwochi. Mkono hukosea sehemu ya kumi ya sekunde kirahisi, na tofauti unayoisaka ni ndogo kuliko hiyo. Bahati nzuri saa huanza na kuishia kwenye mstari uleule, mita 5 kabla ya mstari wa kugeukia. Simu moja kwenye stendi, sambamba na mstari huo, picha 240 kwa sekunde, inatosha. Hesabu picha tangu nyonga ivuke hadi irudi.

Pia toa muda wa mita 10 za moja kwa moja. Akigeuka kwa kulia sekunde 2.58, kushoto 2.66, tofauti ni 3%. Mita 10 zikiwa 1.96, kugeuka kwenyewe kumekula 0.62 na 0.70: tofauti 11%. Mbio za mbele zilikuwa zinaificha.

kocha_wa_pete:
Kwa hiyo 11% ndiyo ya kweli?

fizio_goti:
Taratibu kocha. Ni zile zile 0.08 juu ya namba ndogo. Na kuyumba nako kumevimba vivyo hivyo. Kakokotoe upya kwa 0.62 na 0.70, ndipo ulinganishe. Na andika upande kila mara, usiandike asilimia tupu: mguu unaoshinda kwenye kuruka si lazima ushinde kwenye kugeuka.

mbio_fupi:
Nyongeza: 505 hupima kugeuka kulikopangwa. Wepesi wa kumfuata mpinzani au pasi unahitaji ishara asiyoitarajia, hicho ni kipimo kingine.