Mrejesho: Ile nakala mbovu ya "Come and See"

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini "Come and See", filamu ya Elem Klimov ya mwaka 1985 kuhusu Belarus chini ya Wanazi mwaka 1943, ni giza tupu kwenye DVD yangu. Mlioniambia tatizo ni nakala, asanteni sana.

Nimepata Blu-ray iliyotokana na ukarabati wa Mosfilm, studio ya filamu ya Urusi, ule ulioshinda tuzo kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2017. Jamani! Ile sehemu ya ng'ombe usiku, risasi zikipita juu ya shamba, kwangu ilikuwa matope meusi. Sasa kila risasi naiona inakotoka, na jicho la ng'ombe likizunguka hadi linatulia. Sauti nayo: mabomu yakishamziba masikio Flyora, yule kijana mhusika mkuu, ule mlio unakukaba. DVD iliufanya kama redio inayoishiwa betri. Na picha haijakatwa juu wala chini. Uso wa yule kijana, unaozeeka mbele yako, upo wote.

Mama alitoka sebuleni wanakijiji walipoanza kuchomwa moto. Mimi nilibaki.